UZI: Farocki, jamaa wa filamu za siasa aliyeishia galari. Waliowahi kuona kazi zake tukutane hapa

MkataPicha:
Wakuu heshima kwenu. Uzi ni mrefu, wale wa "fupisha mkuu" mnitangulie jukwaa la michezo nitawakuta huko (ingawa mpira nao umo humu humu, subirini).

Nataka tumuongelee Harun Farocki. Mjerumani, kazaliwa 1944, mji aliozaliwa sa hivi uko Jamhuri ya Czech, baba daktari wa Kihindi mama Mjerumani, utoto kazunguka India na Indonesia ndo akaja kukulia Ujerumani. 1966 kaingia chuo kipya cha filamu Berlin Magharibi, 1968 wakamtimua yeye na wenzake kwa sababu ya siasa. Kafariki Julai 2014, kaacha filamu na vidio zaidi ya 90, na ukiziangalia nyingi zinazunguka palepale, kazi na vita, na picha zinafanya nini humo ndani.

Mi kazi zake nimezijulia London enzi nabeba boksi. Kuna galari inaitwa Raven Row, mtaa wa Artillery Lane, ukitoka stesheni ya Liverpool Street unatembea kidogo tu. Jengo la karne ya 18, zamani maduka ya wauza hariri. Kiingilio bure na nje baridi ile mnayoijua, kwa hiyo msinisifie sana kwamba napenda sanaa. Novemba 2009 mpaka Februari 2010 wakaweka maonyesho ya jumla ya huyu mzee, Against What? Against Whom?, kazi tisa za skrini mbili na kuendelea alizofanya kuanzia 1995. Na Tate Modern nao mwishoni mwa 2009 wakawa wanaonyesha filamu zake ukumbini, yaani jiji moja nusu ya maisha yake unaiangalia umekaa kwenye kiti nusu nyingine umesimama.

Sasa hoja yangu. Mi nakata vidio, harusi, sendofu, matangazo, kampeni zikija sikatai hela. Kwenye kukata, picha ya kwanza inaondoka ya pili inaingia, na ile ya pili ndo inashinda kila siku maana ya kwanza mtu kashaisahau. Farocki akaziweka zote mbili pale pale, kando kwa kando, hakuna inayoondoka. Kazi yake ya kwanza ya namna hiyo ni Schnittstelle ya 1995, kakaa mwenyewe kwenye meza ya kueditia anaonyesha alivyofanya kazi zake za nyuma. Kuna sehemu anaeleza kwamba filamu ile ya utepe ulikuwa unapitisha ncha ya kidole juu yake inavyokimbia, unausikia ule muungo wa gundi kwa kidole kabla jicho halijauona, lakini kwenye vidio unabonyeza vitufe tu. Nimeshika sana kompyuta lakini sijawahi kusikia mtu anaielezea kazi yangu hivyo.

Ya kwake maarufu lakini ni ya 1969, Moto Usiozimika tuseme. Nyeusi na nyeupe. Farocki mwenyewe kavaa koti kakaa mezani kama msoma habari, anasoma ushahidi wa Mvietnam aliyeunguzwa na napalm, ule moto wa mabomu unaonata mwilini. Anamaliza, anainua uso anaiangalia kamera, anasema tukiwaonyesha majeraha ya napalm mtafumba macho, kwanza mtafumba kwa picha, alafu mtafumba kwa kumbukumbu, alafu kwa ukweli wenyewe. Basi anachukua sigara inayowaka anaizima kwenye mkono wake. Sauti inasema sigara inaungua kwa nyuzi 400, napalm kwa nyuzi 3000. Hakuna muziki, hakuna maiti hata moja. Na ukishaona hapo habari ya maiti huitaki tena, akili inapiga hesabu yenyewe.

Karibuni.

ChamaLaWana:
Niko siti ya mbele na karanga zangu. Ila mkuu swali la haraka, mtu anajiita wa siasa alafu anaonyeshea galari ya wauza hariri katikati ya mabenki ya London, hiyo siasa anamfanyia nani? Wale wanakunywa waini wanasema "inafikirisha" wanarudi kwao.

MkataPicha:
Swali zuri nitalirudia, usiondoke.

MzeeWaMagomeni:
Vijana salaam. Hiyo filamu ya sigara niliiona kwenye kituo kimoja cha utamaduni hapa mjini miaka ya nyuma, tukiwa watu wachache sana, na mtoa mada ameacha kipande ambacho sisi wa huku ndicho kingetuhusu zaidi.

Kuelekea mwisho kuna watu watatu wanatoka. Wa kwanza anasema mimi ni mfanyakazi kiwanda cha mashine za kufyonza vumbi, mke wangu angeihitaji moja, kwa hiyo kila siku naiba kipuri kimoja napeleka nyumbani, lakini kila nikiviunga inatoka bunduki. Wa pili anasema mimi ni mwanafunzi nafanya kibarua kiwanda hicho hicho, naamini kinatengeneza bunduki za kuuzia Ureno, kwa hiyo kila siku naiba kipuri nipate ushahidi, lakini kila nikiunga inatoka mashine ya kufyonza vumbi. Wa tatu ni injinia, yeye anasema tunachokitengeneza kinategemea wafanyakazi, wanafunzi na mainjinia.

Sasa jiulizeni, Ureno ya mwaka 1969 ilikuwa inapigana na nani? Angola, Guinea-Bissau, Msumbiji. Frelimo makao yao yalikuwa hapa Dar es Salaam, Nachingwea wanafundishwa wapiganaji, Kamati ya Ukombozi ya OAU ofisi yake hapa hapa. Mwaka huo huo tarehe 3 Februari Mondlane, kiongozi wa Frelimo, akauawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu, hapa hapa mjini. Na Ureno nao napalm waliitumia Afrika. Kwa hiyo kijana anayejichoma sigara Berlin anaongelea Vietnam, lakini kile kiutani chake cha mwisho kimetua kwetu. Ukumbini siku ile walicheka, mimi sikucheka.

MkataPicha:
Shikamoo mzee. Umenipiga na kitu kizito. Kile kipande nimekiona mara nyingi na Ureno nilikuwa naipita tu kama jina.

ChamaLaWana:
Mzee hapo umenyoosha. Nimetulia kidogo.

Mkisauni:
Salaam za Mombasa wakuu. Nami niwape moja. Yuko na filamu ya 1988, Picha za Dunia na Maandishi ya Vita. Tarehe 4 Aprili 1944 ndege ya Washirika waliopigana na Hitler imeruka kutoka Foggia kule Italia kwenda kupiga picha kiwanda cha kemikali cha Wajerumani, IG Farben, wakipangia kukilipua. Kwenye picha zile zile Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, imetokea yote, mabweni, watu wamepangwa foleni. Wale wachambuzi wakaandika jenereta, boila, kiwanda hiki na hiki. Kambi hawakuiandika kwa kuwa hawakutumwa kutafuta kambi. Mpaka 1977 ndio wafanyakazi wawili wa CIA wakarudi kwenye makabati kuitafuta. Miaka thelathini na kitu picha iko, na hakuna aliyeona.

Ndani ya filamu hiyo hiyo kuna picha za wanawake wa Algeria, 1960, mwanajeshi Mfaransa Marc Garanger kaamriwa awapige picha za vitambulisho, wamevuliwa mitandio kwa lazima. Wanavyoitazama ile kamera yakhe, we acha. Farocki anaweka mkono wake juu ya picha, anaufunika mdomo yanabaki macho, kisha anayafunika macho unabaki mdomo. Basi, hapigi kelele.

Mi hapo nilikumbuka kipande, kile kitambulisho cha mkoloni. Babu zetu Kenya kuanzia 1920 hivi wamevishwa kipande shingoni ndani ya kijikopo cha chuma, alama za vidole badala ya picha, mwajiri anaandika humo anachotaka. Serikali kukujua si lazima ikuone.

DadaWaNeukölln:
Hodi jamani, niko Berlin. Mimi sikuona hayo ya London, nimeona ya huku makumbusho ya Hamburger Bahnhof 2014, Ernste Spiele, vidio nne. Maonyesho yalianza mwenyewe yu hai akafariki yakiwa bado yanaendelea.

Niwaelezee maana ni kitu mtu wa kawaida anakishika bila kusoma kitabu. Kwenye vidio moja wanajeshi wa Marekani wako California, kambi ya Twentynine Palms, vijana wamekaa darasani na laptopu wanaendesha kifaru kwenye gemu, barabara ni ya Afghanistan, mwalimu kwenye kompyuta yake ndo anaamua bomu liko wapi. Mmoja anaitwa Watson anapigwa, kwenye gemu kafa, yeye pale kwenye kiti kashusha mabega tu kama mtu kafungwa goli. Vidio nyingine inaonyesha namna wanajeshi waliotoka vitani wamechanganyikiwa wanavyotibiwa, kwa kuvishwa miwani ya kompyuta warudishwe Iraki ya bandia waelezee walichokiona.

Sasa Farocki anaziweka skrini mbili, gemu ya mafunzo huku na gemu ya matibabu huku, anaandika kwa maneno machache tu kwamba ile ya kufundishia vita vitu vyake vina kivuli, ile ya kutibu haina, maana ni ya bei rahisi zaidi. Kaiita Jua Lisilo na Kivuli. Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi na watu wenye maradhi ya akili, niliganda. Hela ya kumpeleka mtu ipo mpaka ya kuchora kivuli cha mti. Hela ya kumponya wanapunguza.

Ndo maana ChamaLaWana nikujibu hapo kwa upande wangu: sikunywa waini, nilitoka zamu ya usiku.

ChamaLaWana:
Dada nimekuelewa na pole na zamu. Ila bado sijatoka pale pale. Wewe umekaa ukaangalia. Wangapi walipita? Nimewahi kuingia maonyesho kama hayo, watu wanachungulia vidio dakika mbili wanapiga selfi wanaenda. Filamu ya kisiasa ina hoja, ina mwanzo na mwisho, ukiniweka kwenye korido naingia katikati natoka katikati nimeshika nini? Ukumbini angalau umefungiwa.

MkataPicha:
Hapo sikupingi kabisa. Tuje kwenye mpira sasa maana niliwaahidi. 2007 kwenye documenta 12, yale maonyesho makubwa ya sanaa pale Kassel, Ujerumani, aliweka kazi inaitwa Deep Play. Fainali ya Kombe la Dunia 2006, Italia na Ufaransa, Berlin, ile ya kichwa cha Zidane. Mechi moja, skrini 12 kwa pamoja. Huku matangazo yenyewe, huku kompyuta imewageuza wachezaji mistari na vidoti vinavyokimbia, huku kamera za usalama za uwanjani, skrini nyingine wachambuzi na michoro yao. Zaidi ya saa mbili.

ChamaLaWana:
Skrini kumi na mbili mechi moja hahaha. Hiyo si banda umiza la Manzese tu, tofauti pale kila skrini mechi yake na jero unalipa.

MkataPicha:
Cheka lakini fikiria, 2006 ile. Wale wachezaji vidoti walikuwa kitu cha ajabu, leo kila mwenye mkeka anaangalia nani kakimbia kilomita ngapi kabla hajaweka buku lake. Farocki alikuwa na jina la picha za aina hiyo, picha za kiutendaji, yaani hazikupigwa ili mtu azitazame, zimepigwa ili mashine ifanye kazi. Kombora lenye kamera puani halikuonyeshi kitu wewe, linatafuta njia. Alianza kuzifuatilia vizuri kwenye Jicho/Mashine, 2000 mpaka 2003, akianzia na zile vidio za Vita vya Ghuba za 1991. Droni zote mnazoziona kwenye simu leo, mzee alikuwa huko kitambo.

Na kuhusu kwa nini galari. Filamu zake nyingi pesa ilitoka vituo vya televisheni vya Ujerumani, zinaonyeshwa usiku wa manane lakini zinaonyeshwa. Miaka ya tisini nafasi zile zikaanza kufungwa. Mwenyewe alijipanga toka zamani, aliandika kwamba anafanya kazi kama viwanda vya chuma, taka ya hatua moja inakuwa malighafi ya hatua nyingine: utafiti mmoja anautengenezea kipindi cha redio, makala, filamu, kinachobaki kinaenda pengine. Hata Sesame Street ya Kijerumani alifanyia vipande, 1973. Kwa hiyo galari hakuifuata kwa mapenzi tu, ndo ilikuwa na hela na ukuta. Mi sioni aibu, tunaofanya sendofu tunajua.

Lakini hujanijibu la skrini mbili, ChamaLaWana. Kuna kazi yake ya gereza la Corcoran, California, ya mwaka 2000. Vidio za kamera za ulinzi, hazina sauti. Uwanja wa wafungwa umejengwa kwa pembe ambayo kamera inapofika na bunduki ya askari inafika hapo hapo. Wafungwa wawili wanaanza kupigana, moshi kidogo wa risasi unaonekana, mmoja kalala chini. Skrini ya pili wakati huo huo inakuonyesha kitu kingine kabisa, ramani, maelezo, kwa hiyo wakati mtu anakufa wewe jicho linakimbia huku na huku kama la mlinzi aliyechoka. Kwenye filamu ya skrini moja ningekukatia, ningekuelekeza cha kuangalia. Pale umeachwa na wewe ndo mlinzi.

ChamaLaWana:
Sawa hiyo ya gereza nakupa. Ya mpira sikupi.

FundiTofali:
Habari za humu. Mimi sio mtu wa sanaa nimeingia kwa jina la filamu moja mwanangu kanionyesha kwenye simu, huyo huyo Mjerumani, ya matofali, In Comparison ya 2009. Saa moja nzima watu wanafyatua tofali na hakuna anayeongea juu yake, maandishi machache tu. Nikaiangalia yote.

Inaanzia Burkina Faso kijiji cha Gando, kalibu ya mbao, udongo, maji, watu wanapokezana, jengo linapanda kijiji kizima kipo. Inaenda India wanachoma. Inafika Ulaya mashine inatema tofali kama biskuti na mtu mmoja kasimama tu anaangalia isikwame, mwisho kuna roboti Uswisi inapanga tofali ikizigeuza geuza zitoke umbo. Nilichokipenda hajawaonea huruma wale wa kijijini. Wazungu wakija kupiga picha tunafyatua tofali wanatupiga sisi jasho na miguu peku. Huyu kamera kaiweka kwenye mikono. Ukiangalia mikono unaona yule jamaa analowesha kalibu kabla ya kupiga udongo, asipolowesha inanata, na anafuta juu kwa pigo moja. Huyo ni fundi huyo, ningempa kazi kesho. Na yule wa Ulaya anayelinda mashine mi nilimuona ndo mpweke kuliko wote.

Mkisauni:
Fundi hiyo ni hakiki bora kuliko zote nilizosoma magazetini, walahi.

MzeeWaMagomeni:
Naam. Wengi waliosoma wanaiita filamu hiyo kavu.

FundiTofali:
Kavu? Udongo ule mbichi kabisa mzee.

MkataPicha:
😂😂 Fundi karibu sana ukae.

Na kwa wale wa siasa ya moja kwa moja, msiikose ile ya Rumania ya 1992 aliyofanya na Andrei Ujică, Videogramu za Mapinduzi. Karibu hakupiga hata picha moja humo, kakusanya vidio za watu binafsi na za televisheni za Desemba 1989. Rais wao Ceaușescu anahutubia, kelele zinaanza, uso unabadilika, matangazo yanakatwa watu majumbani hawaoni kitu, kumbe lile gari la matangazo pale nje bado linarekodi. Mi kama mtu wa kamera nikaiona hiyo nikajua fundi mitambo aliyeacha mashine inazunguka naye kaingia kwenye historia na jina lake hatulijui.

DadaWaNeukölln:
Na msisahau ile kazi ya mwisho mwisho na mkewe Antje Ehmann, walianza 2011. Walizunguka miji 15, Afrika walifika Kairo na Johannesburg, wanafanya warsha na watu wa pale. Masharti: mada ni kazi, yoyote, ya kulipwa au isiyolipwa. Piga picha moja tu, dakika moja hadi mbili, hakuna kukata. Kamera unaweza kuisogeza au kuituliza ila ukianza umeanza. Ipo mtandaoni bure, mamia ya vidio. Wazo lilitoka kwenye ile filamu ya 1895 ya ndugu wawili wa Ufaransa, akina Lumière, wafanyakazi wanatoka kiwandani Lyon, ambayo Farocki aliifanyia filamu nzima miaka mia baadaye akisema kamera toka siku hiyo imekuwa ikiwasubiri watu getini, ndani haiingii.

ChamaLaWana:
Hapo ndo mmeniongelea lugha yangu. Simu ninayo. Kesho alfajiri niko Feri, kuna dogo anaparua samaki kwa kasi ambayo hamtaamini. Nikaweke humu?

MkataPicha:
Weka. Ila muombe kwanza, na usiizungushe zungushe kamera kama unatafuta mtandao. Chagua mkono au uso, ukichagua ubaki hapo. Kigumu ni kujua unaanza lini, samaki mzima yuko mezani au kashaanza kuparuliwa. Mi ningeanza na meza tupu.

FundiTofali:
Mi ningeanza na kisu kinanolewa.

ChamaLaWana:
Tayari mshanichanganya. Alafu mkuu ile ya sigara ina dakika ngapi, bando langu la usiku linaisha saa kumi na moja.

MkataPicha:
Kama 25. Ni Kijerumani, tafuta yenye maandishi chini. Na kwa kuwa mzee kashasema, ukifika kwa yule mwanafunzi wa kiwandani rudisha nyuma usikilize tena.